Lubumbashi: Wapiga video wa Katuba kati ya karatasi ya ruhusa na mlango wa parke

Katika mtaa wa Katuba, mjini Lubumbashi, simu moja yenye kamera nzuri, taa ndogo ya kuchaji na vijana watatu wanaojua kuchekesha vinatosha kufungua televisheni. Wanapiga michezo ya kuchekesha, klipu za nyimbo, mahojiano ya barabarani na habari za mtaa, kisha wanazipandisha kwenye TikTok, Facebook, YouTube na WhatsApp. Mfanyabiashara wa sokoni anawapa kitu kidogo ili bidhaa yake itajwe. Wengine wanaitwa kupiga ndoa na matanga. Kwa vijana wengi wasio na kazi, hiyo ndiyo kazi.

Swali la sheria ambalo wengi wao wanajiuliza ni moja: nani atatoa ruhusa ya kupiga hapa? Ni swali la haki, kwa sababu askari polisi anaweza kufika katikati ya kazi na kudai karatasi. Lakini karatasi ya ruhusa inamlinda mtu pale anaposimama na kamera tu. Hailindi kile anachosema ndani ya video, wala uso wa jirani anayeonekana humo, wala rafiki anayeisambaza kwenye grupu la WhatsApp. Na tangu mwaka 2023, hapo ndipo adhabu nzito zilipo.

Tarehe 13 Machi 2023, Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi sheria mbili zinazogusa moja kwa moja kila mtu anayeonyesha watu kitu kwa njia ya mtandao. Ya kwanza ni ordonnance-loi namba 23/009 juu ya uhuru wa vyombo vya habari, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya 22 Juni 1996. Ya pili ni ordonnance-loi namba 23/010, inayojulikana na wengi kwa jina la Code du numérique.

Zamani televisheni ilisimama mbele

Kuchekesha watu kwa Kiswahili cha Lubumbashi si jambo la leo. Kabla ya simu hizi, mji ulikuwa na kundi la teatre la Mufwankolo, lililojulikana kwa redio na televisheni kwa michezo yake juu ya maisha ya mtaani: ndoa, deni, ulevi, wakubwa wanaojisahau. Mwaka 1986 mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian alifuatana na kundi hilo lilipokuwa likitengeneza mchezo juu ya mamlaka na namna yanavyoliwa, na mwaka 1990 akachapisha kitabu juu ya kazi hiyo.

Tofauti kati ya wakati ule na leo haiko katika mizaha. Iko katika nani anabeba mzigo. Mchezo wa televisheni ulipita mikononi mwa mkurugenzi wa programu, mhariri na kituo chenyewe kabla ya kufika sebuleni. Sheria ya vyombo vya habari ya 1996 nayo iliweka ngazi ya watu wa kujibu: mwandishi kwanza, kisha kama hajulikani mkurugenzi au mhariri, na kuendelea. Leo kijana wa Katuba ndiye mwandishi, mchezaji, mpiga picha, mhariri na mchapishaji. Anapobonyeza kitufe cha kutuma, hakuna mtu mwingine kati yake na sheria.

Karatasi ipi, ofisi ipi

Code du numérique haikuandikwa kama sheria ya vibali vya kupiga filamu. Hakuna dirisha moja Lubumbashi ambapo mpiga video anaingia, analipa, na kutoka na karatasi inayomfungulia milango yote. Kuna milango mingi, na kila mmoja una mwenyewe. Mambo yanaeleweka vizuri zaidi mtu akianza na mahali anapotaka kupiga.

Barabara na uwanja wa watu wote. Kijana anayejipiga mwenyewe kando ya barabara hayuko katika hali moja na kundi linalofunga njia kwa ajili ya klipu, likiwa na vipaza sauti, wachezaji na magari. Kifungu cha 26 cha Katiba kinataka waandaaji wa kila mkusanyiko wa barabarani au mahali pa wazi wajulishe kwa maandishi viongozi wa utawala wanaohusika. Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya maandamano, lakini polisi wakiona umati hawaulizi kama ni siasa au ni muziki. Barua kwa bourgmestre wa mtaa, au kwa mairie kama kazi inapita katika mitaa mingi, ikiwa na tarehe, saa, mahali na jina la mhusika, ndiyo kinga ya kwanza. Nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibaki mfukoni.

Mahali penye mwenyewe. Duka, shule, hospitali, kanisa, hoteli, karakana au mgodi vina mwenyewe au msimamizi. Ruhusa ya bourgmestre haiingizi mtu ndani ya ua wa mwingine. Hospitali na shule zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu zina wagonjwa na watoto. Kuhusu migodi, katika Haut-Katanga kila mmoja anajua kwamba walinzi hawachezi na kamera.

Mahali pa Serikali na pa usalama. Kambi za jeshi na polisi, uwanja wa ndege wa Luano, mpaka wa Kasumbalesa, jela ya Kasapa na majengo ya utawala si mahali pa kupiga bila ruhusa ya wanaohusika. Hapa hata picha ya mzaha inaweza kumfanya mtu ahojiwe na idara ya ujasusi, ANR. Droni nayo ina mlango wake: anga iko chini ya mamlaka ya usafiri wa ndege, AAC, hata kama kifaa chenyewe ni kidogo na kimenunuliwa sokoni.

Filamu na muziki. Anayetengeneza filamu au klipu kwa kazi ya biashara ana mazungumzo na divisheni ya jimbo inayosimamia utamaduni na sanaa. Kwa nyimbo na maonyesho kuna pia tume ya taifa ya kuchuja nyimbo na maonyesho, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Habari. Anayetoa habari kila siku, akiwa na mikrofoni yenye nembo na jina la "televisheni" kwenye mtandao, anaingia katika uwanja wa sheria ya vyombo vya habari ya 2023, ambayo inahesabu pia vyombo vya intaneti. Hapo wanahusika wizara ya mawasiliano, baraza la CSAC linalosimamia redio, televisheni na mawasiliano, ambalo liko na uwakilishi Lubumbashi, na muungano wa waandishi wa habari, UNPC, unaotoa kadi ya kazi. Nembo kwenye mikrofoni haimgeuzi mtu kuwa mwandishi wa habari, lakini inaweza kumfanya adaiwe wajibu wa mwandishi wa habari.

Swali la pesa linakuja papo hapo. Haki ya Serikali hailipwi mkononi barabarani. Malipo ya idara za taifa yanapita kwa DGRAD, na yale ya jimbo kwa DRHKAT, kwa hati ya malipo inayoonyesha kiasi na sababu. Anayedai franka kwa ajili ya "ruhusa ya kamera" bila hati yoyote hajatoa ruhusa. Kesho mwingine atafika na kudai tena, na mpiga video hatakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kifungu cha 360: kuanzisha au kusambaza

Baada ya video kutoka, sheria nyingine inaanza kufanya kazi. Kifungu cha 360 cha Code du numérique kinamwadhibu mtu yeyote anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu mwingine kwa njia ya mitandao ya kijamii au chombo chochote cha elektroniki. Adhabu ni kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita na faini ya franka za Kongo 500.000 hadi 1.000.000, au moja kati ya hizo mbili.

Neno la kutazama ni "kusambaza". Mama anayepokea video katika grupu la familia na kuipeleka katika grupu la kanisa, huku akiandika tu "mujionee wenyewe", ameisambaza. Kusema kwamba imetoka kwa mwingine hakumwondoi ndani ya maneno ya kifungu hicho. Kwa wapiga video wa Katuba wanaochukua video za wengine, kuzikata, kuweka sauti yao juu na kuzirudisha mtandaoni, hilo ni jambo la kila siku.

Vifungu viwili vya jirani vina adhabu kubwa zaidi. Kifungu cha 358 kinahusu mawasiliano ya kutisha, kusumbua au kuumiza moyo wa mtu kwa nia ya kuchochea chuki, ukabila au mwenendo ulio kinyume cha maadili mema na moyo wa kizalendo. Kifungu cha 359 kinahusu kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao hadi kumvurugia utulivu wake. Vyote viwili vinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili, na faini inaweza kufika franka milioni 10.

Ugumu uko katika maneno yenyewe. "Moyo wa kizalendo" ni nini katika mchezo wa kuchekesha juu ya barabara mbovu? Nani anaamua kwamba habari ni ya uongo wakati uchunguzi haujaisha? Watetezi wa uhuru wa habari nchini wanasema kwamba vifungu vyenye maneno mapana hivi vinamwachia mwenye mamlaka nafasi ya kuchagua nani ashitakiwe.

Kisa kilichoonyesha njia

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Stanis Bujakera Tshiamala, naibu mkurugenzi wa uchapishaji wa Actualite.cd na mwandishi wa Jeune Afrique na Reuters. Alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa. Sababu ilikuwa makala ya Jeune Afrique, ambayo haikuwa na sahihi yake, juu ya kifo cha Chérubin Okende, waziri wa zamani na msemaji wa chama cha Moïse Katumbi, aliyekutwa amekufa Kinshasa Julai 2023. Makala ilitegemea hati iliyosemwa kuwa ya idara ya ujasusi. Viongozi wa Serikali walisema hati hiyo ni ya bandia.

Upande wa mashitaka ulitegemea simu zake, ukidai kwamba yeye ndiye wa kwanza kusambaza hati hiyo kwa programu za ujumbe. Yeye alikana. Machi 2024 mwendesha mashitaka aliomba afungwe miaka 20. Tarehe 18 Machi 2024 mahakama ilimhukumu miezi sita na faini ya franka milioni moja. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa gerezani Makala zaidi ya miezi sita, alitoka siku iliyofuata.

Bujakera alikuwa na kadi, na chombo kinachojulikana, na mawakili, na majina ya kimataifa nyuma yake. Hata hivyo alikaa nusu mwaka gerezani kabla ya hukumu. Kijana wa Katuba mwenye wafuasi elfu kadhaa hana hata kimoja kati ya hivyo. Jambo jingine la kukumbuka katika kisa hicho: ushahidi ulitafutwa ndani ya simu, si kwenye karatasi za ruhusa.

Hata jambo la kweli

Wengi wanaamini kwamba mtu akisema ukweli hawezi kushitakiwa. Sheria ya makosa ya jinai ya Kongo, ambayo msingi wake ni dekreti ya 30 Januari 1940, haikujengwa hivyo. Kifungu cha 74 kinamwadhibu anayemtwika mtu hadharani na kwa nia mbaya jambo fulani la wazi linalovunja heshima yake au kumfanya adharauliwe na watu. Ni lile kosa ambalo wanasheria wanaliita "imputations dommageables". Adhabu ni kifungo cha siku nane hadi mwaka mmoja, na faini. Wanasheria wa Kongo wanafundisha kwamba kosa linaweza kuwapo hata kama jambo lililosemwa ni la kweli, kwa sababu kinachoadhibiwa ni nia mbaya na kuvunja heshima ya mtu mbele ya watu. Matusi nayo yako na kifungu chake, cha 75.

Chukua mfano wa video ya aina inayopendwa sana: mwanamke anasimama mbele ya nyumba ya jirani na kusema, huku kamera inapiga, kwamba bwana wa nyumba hii anadaiwa dola 300 na amekataa kulipa. Deni linaweza kuwa la kweli. Lakini jina limetajwa, nyumba imeonekana, na watu elfu ishirini wameangalia. Mdai alikuwa na haki yake mbele ya mahakama ya amani. Baada ya video, yeye na mpiga video wanaweza kujikuta upande wa washitakiwa.

Kwa viongozi kuna sheria ya ziada. Ordonnance-loi ya 16 Desemba 1963 inaadhibu kumtusi Mkuu wa Nchi, na kifungo kinaweza kufika miaka mitatu. Kifungu cha 199 bis cha sheria ya jinai kinaadhibu kusambaza kwa kujua uvumi wa uongo unaoweza kutia watu hofu au kuwachochea dhidi ya mamlaka: miezi miwili hadi miaka mitatu.

Uso wa jirani

Sheria hizi si silaha ya wakubwa peke yao. Kuna upande wa pili, ule wa mtu aliyepigwa bila kuulizwa, na upande huo unasahauliwa mara nyingi.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya siri. Sheria ya 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi inakataza pia kuonyesha hadharani picha ya sura ya mtu bila yeye kukubali. Kupiga soko kwa mbali ni jambo moja. Kumsogezea kamera mama anayelia kwenye matanga, au mlevi aliyelala kwenye mfereji, na kupandisha sura yake ili watu wacheke, ni jambo jingine. Mama huyo ana haki ya kwenda parke kama mtu mwingine yeyote.

Video za "wezi" zina hatari ya pekee. Kijana anakamatwa usiku, anafungwa kamba, anapigwa, na simu kumi zinawashwa. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kila mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Anayemtaja "mwizi" kwa jina na sura amemhukumu mbele ya mahakama. Na kama kijana huyo amekufa mikononi mwa umati, video ileile inakuwa ushahidi juu ya waliokuwa wamesimama pale, pamoja na aliyeshika kamera.

Watoto wako na ulinzi mkubwa zaidi. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza kumshitaki mtoto uchawi, jambo ambalo bado linaonekana katika video za maombi na za "kufunguliwa" ambapo mtoto anasimamishwa mbele ya waamini na kuulizwa alikula nani usiku. Mateso ya mwili au ya moyo yanayotokana na mashitaka hayo ya uchawi yanaadhibiwa kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Anayepiga video hiyo na kuisambaza anampa mtoto jina litakalomfuata shuleni, mtaani na katika ndoa. Hata katika video za kawaida, kukubali kwa mzazi au mlezi ni jambo la kwanza la kutafuta, na liwe kwa maandishi kama kazi ni ya biashara.

Mzaha wa kabila

Katuba ni mtaa wa watu waliotoka pande nyingi: wa kusini na wa kaskazini ya Katanga, wa Kasai, na wengine wengi. Lugha zao zinaingiliana na Kiswahili cha mji, na mizaha juu ya namna kila mmoja anavyoongea ni chakula cha kila siku cha wachekeshaji. Mara nyingi hakuna anayekasirika.

Lakini mji huu una kumbukumbu. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo lililoitwa wakati ule Shaba, na familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi bado zinabeba kidonda hicho. Kila wakati wa uchaguzi au wa ugomvi wa siasa, video za "rudini kwenu" zinaanza kuzunguka tena.

Sheria juu ya jambo hili ni ya zamani kuliko intaneti: ordonnance-loi namba 66-342 ya 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka miwili. Code du numérique nayo imeongeza vifungu vyake juu ya chuki ya kikabila kwenye mtandao. Kwa mchekeshaji, mpaka si mgumu kuuona: mzaha unaomcheka mtu kwa tabia yake ni mchezo, maneno yanayosema kabila fulani liondoke, au lisikodishiwe nyumba, si mchezo tena, hata kama kuna kicheko nyuma yake.

Nyimbo, vita na maneno yaliyokatazwa

Wanamuziki walijifunza mapema kwamba mlango wa ruhusa unaweza kufungwa baada ya wimbo kutoka. Novemba 2021, tume ya kuchuja nyimbo ilikataza "Nini tosali te" ya kundi la MPR la Kinshasa, wimbo unaouliza kwa nini maisha ya wananchi hayabadiliki, kwa kusema kwamba tume haikuombwa ruhusa. Watu wengi walikasirika, na siku moja tu baadaye katazo likaondolewa. Wimbo ulikuwa umekwisha kusikilizwa na watu wengi kuliko mwanzo. Lakini si kila msanii ana umaarufu wa kumwokoa.

Mashariki, hatari imefika mbali zaidi. Mwimbaji Delcat Idengo, aliyeimba kwa Kiswahili juu ya mauaji ya Beni na juu ya viongozi, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Beni mwaka 2021 kwa sababu ya nyimbo zake, na baadaye akafungwa tena Goma. Tarehe 13 Februari 2025, wiki chache baada ya mji huo kuingia mikononi mwa AFC/M23, alipigwa risasi na kufa alipokuwa akirekodi klipu.

Lubumbashi iko mbali na mstari wa vita, lakini maneno juu ya vita yanapimwa hata hapa. Januari 2025, waziri wa sheria wa wakati ule, Constant Mutamba, alitishia kwa adhabu kali, hata ya kifo, wale wanaotangaza shughuli za jeshi la Rwanda na M23. Mwanzoni mwa Juni 2025, CSAC ilikataza vyombo vya habari kwa siku 90 kutoa habari za rais wa zamani Joseph Kabila na chama chake, PPRD. Katika jimbo ambalo Kabila ana watu wake wengi, mpiga video anayeweka kipande cha hotuba akidhani ni jambo la kawaida anaweza kugusa katazo ambalo hakulisikia. Kufuata matangazo ya CSAC sasa ni sehemu ya kazi.

Ng'ambo ya mpaka

Video za Kiswahili za Lubumbashi zinafika Dar es Salaam na Nairobi, na vijana wengine wanasafiri kwenda kupiga huko. Wajue kwamba sheria inabadilika na mpaka. Tanzania, kwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ilianza kudai leseni kwa wenye blogu na televisheni za mtandaoni, kwa gharama iliyofika karibu dola 900. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye. Filamu huko ziko chini ya Bodi ya Filamu. Kenya, bodi inayopanga filamu, KFCB, ilitangaza Mei 2018 kwamba hata anayepiga video kwa ajili ya mitandao ya kijamii anahitaji leseni, jambo lililozua kelele nyingi.

Uganda imeonyesha njia nyingine. Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichokuwa kikiadhibu "mawasiliano ya kuudhi", kwa sababu maneno yake hayakuwa wazi. Wanaoomba kifungu cha 360 kirekebishwe Kongo wana hoja ya namna hiyohiyo: sheria ya kumfunga mtu lazima iseme wazi kosa ni lipi.

Ukiitwa, ukikamatwa

Njia ya kawaida inaanza na karatasi ya wito kutoka kwa polisi au parke. Karatasi hiyo isidharauliwe, na mtu asiende peke yake. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kila anayekamatwa aambiwe mara moja sababu za kukamatwa, katika lugha anayoielewa. Kwa mkaaji wa Katuba hiyo inaweza kuwa Kiswahili, si lazima Kifaransa. Kifungu hichohicho kinasema kuwekwa korokoroni na polisi kusipite saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Ana haki pia ya kuwasiliana na familia yake na advoka wake.

Asiye na pesa ya advoka anaweza kuuliza ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha mawakili, ile inayoitwa bureau de consultations gratuites. Mashirika ya haki za binadamu ya mjini nayo yanapokea kesi za namna hii. Kwa waandishi wa habari kuna shirika Journaliste en danger, JED.

Kuondoa video haraka kunaweza kupunguza madhara, na kuomba radhi kwa aliyeumizwa kunaweza kumaliza jambo kabla halijafika mahakamani, hasa kati ya majirani. Lakini video asilia isifutwe kwenye simu. Ile iliyozunguka mtandaoni inaweza kuwa imekatwa na wengine, na asilia ndiyo itakayoonyesha ni nini hasa kilichosemwa.

Kabla ya kufika huko, maswali matano yanatosha kwa kila video. Mahali hapa ni pa nani, na je, amekubali? Nyuso hizi zimekubali, na kama ni za watoto, mzazi amekubali? Jina nililolitaja, naweza kumwangalia mwenyewe usoni kesho? Habari hii nimeitoa wapi, na nina kitu gani cha kuionyesha? Na muziki huu niliouweka chini ni wa nani? Sheria ya 1986 inalinda watunzi, na SOCODA ndiyo shirika linalosimamia haki zao.

Maswali hayo hayataondoa maneno mapana ya sheria ya 2023. Hiyo ni kazi ya wabunge wa Kinshasa, wakiwemo wale waliochaguliwa Lubumbashi kwa kura za vijana haohao. Kwa sasa, kijana wa Katuba anayetaka kuendelea na kazi yake anahitaji vitu viwili tofauti: barua yenye muhuri ya kumwonyesha askari anapopiga, na video ambayo hataogopa kuieleza mbele ya mwendesha mashitaka.